Baada ya Kula

Mama yangu alianza kuvaa sweta mwezi wa Februari, wakati mabati ya mtaa wetu wa Gatwekera yanapochemka hadi watu wanatoa viti nje kufuata kivuli cha ukuta. Nilimkuta kwenye meza yake ya mboga amefunga vifungo vyote hadi shingoni, mikono ameificha kwapani, na mimi, muuguzi mwenye cheti na sare, nikajisemea kwamba wazee nao wana mambo yao. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Huo si uzee. Lakini ndivyo nilivyosema, na kwa kuwa nimeamua kuandika ukweli, acha nianze na huo.

Watu wa mtaa walimjua mama kwa kisu. Alitoka Kitui akiwa kijana, akafanya kazi katika nyumba za watu, halafu akafungua kibanda cha mboga mlangoni pa chumba chetu cha kupanga, na hapo ndipo alipotulea mimi na kaka yangu. Sukuma wiki aliikata hewani, bila ubao. Alishika fungu la majani mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia, akakata nyembamba kama nyuzi, huku macho yake yako kwa mteja akimwuliza kama yule mtoto wa homa amepona. Hakuwahi kujikata. Na ulimi wake ulikuwa na kasi ileile. Ukilalamika kwamba nyanya zake ni ndogo, jibu lilikuwa limeshakufikia kabla hujamaliza kusema. Mimi mwenyewe nilimwogopa mpaka nilipomaliza chuo.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Yangekuja hivyo, labda ningeyaona. Kwanza alianza kulala mapema, kabla ya taarifa ya habari. Kisha akawa anasahau sufuria jikoni mpaka chakula kinanuka. Sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, kwaya ya kanisani ikamtoa kwenye sauti ya kwanza, na baada ya muda akaacha kwenda mazoezi kabisa. Ngozi ya mikono ikakauka ikawa na unga. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Na uso ukajaa.

Huo uso ndio uliotudanganya. Huku kwetu mtu akikonda, watu hunong'ona. Akinenepa, watu hupongeza. Majirani walisimama pale mezani wakaniambia, "Mama nurse ananona. Mtoto amepata kazi, mathe anakula poa." Nilicheka kwa haya, lakini moyoni nilifurahi sana. Nilikuwa nimepata kazi mwaka uliotangulia katika zahanati ndogo huko Kawangware, na kila mwisho wa mwezi nilimletea maziwa ya pakiti, nyama na unga. Kwa hiyo mashavu yale niliyahesabu kuwa kazi ya mikono yangu. Kumbe ulikuwa uvimbe wa ugonjwa, na mimi nikaupokelea pongezi.

Kisu nacho kikapungua kasi. Wateja wakaanza kuhamia meza ya jirani kimyakimya, na mama akawaangalia tu wakienda. Mtu alimwuliza kitu, akamtazama, akanyamaza, yule mtu akachoka akaondoka, na hapo ndipo midomo ya mama ilipoanza kusogea. Wengine walisema ana mawazo mengi. Wengine wakasema kuna mtu amemfanyia kitu. Kaka yangu akasema ni uchovu wa miaka yote aliyosimama pale, na maelezo hayo yalinifaa, kwa sababu hayakunidai chochote kama muuguzi.

Sasa nieleze aibu yangu kamili. Chuoni, somo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa la tezi na homoni. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi aliyefundisha bila kutazama kitabu, alichora mtu ubaoni kisha akaweka nukta chache za chaki: moja chini ya ubongo, moja shingoni, moja nyuma ya tumbo, mbili juu ya figo, na nyingine huko chini. Akasema nukta hizo ndizo zinazoamua kama utarefuka au utabaki mfupi, utasikia joto au baridi, utalala, utakasirika, utaona kiu, utapata mtoto. Hazina mirija ya kupeleka kitu mahali fulani. Zinamimina homoni zao ndani ya damu, damu inazunguka mwili mzima, na kinachoitika ni kile kiungo kinachohusika tu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama viungo vingine vinasikia na kunyamaza. Mwalimu akamjibu kwamba ni kama yeye anavyonyamaza mtu akiita jina la mwenzake.

Niliacha kuandika. Nilikaa nikipapasa shingo yangu kwa vidole viwili nikiitafuta hiyo tezi, kitu chenye uzito wa vijiko vinne hivi vya sukari, nikashangaa kwamba nimeishi miaka ishirini nikitegemea kitu kidogo namna hiyo na sijawahi hata kujua kipo. Siku ile nilitembea kurudi bwenini nikiwatazama watu barabarani, yule anayekimbia, yule anayegombana na kondakta, yule anayesinzia kwenye kibanda chake, nikafikiria nukta za chaki ndani yao. Niliona kama nimeonyeshwa siri ya kila mtu.

Kwenye mtihani swali likaja: taja dalili za mgonjwa ambaye tezi yake ya shingoni imepunguza kazi. Niliziandika zote. Baridi, uchovu, ngozi kavu, uso kuvimba, sauti nzito, nywele kukatika, choo kigumu, moyo kupiga polepole, usahaulifu. Nilipata alama zote. Miaka michache baadaye mama alizipitia moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu, karibu kwa mpangilio uleule, na mimi nikamnunulia sweta ya pili.

Mwisho wa Machi kaka yangu alituita Jumapili mchana, kama mtoto mkubwa. Yeye huchomelea milango na madirisha ya chuma Kawangware, si mbali na zahanati yetu, na si mtu mbaya. Tulikaa katika chumba cha mama, sisi wawili kwenye viti, mama kitandani hatua mbili kutoka kwetu. Kaka alizungumza kwa upole. Alisema kibanda kimekufa, jiko limebaki kidogo lichome nyumba, na kwamba mathe amechoka. Shule zikifungwa atampeleka ushago, kijijini kwao Kitui, akae na dada zake, apate hewa safi, na asirudi. Niliuliza nani atampikia. Niliuliza kama kuna zahanati karibu. Tulizungumza juu yake kama watu wanavyozungumza juu ya mtoto aliyelala.

Mara moja nilimgeukia mama. Alikuwa ameinua macho na midomo yake imefunguka kidogo. Nilimsubiri, labda muda wa kumeza mate, kisha nikamrudia kaka yangu na kumwambia, "Ni sawa. Apelekwe."

Kabla ya safari nilimleta zahanati apimwe presha tu, ili nimfungashie dawa kama zinahitajika. Tuna afisa wa kliniki ambaye wagonjwa wote humwita daktari, kijana kutoka upande wa ziwa, mtaratibu mpaka anaudhi. Mama alimsalimia. Yule kijana aliweka kalamu chini, akaniuliza hiyo sauti imekuwa hivyo tangu lini. Nikamwambia ni homa ya mafua. Akamwambia mama apige magoti juu ya kiti, ashike mgongo wa kiti, na aache nyayo zining'inie nje.

Mama alipanda polepole, akapiga magoti, akainamisha kichwa na kufunga macho. Alidhani tunaomba. Daktari hakucheka. Alichukua nyundo ndogo ya mpira, akamgonga kwa wepesi juu ya kisigino, pale kwenye ule mshipa mnene. Unyayo ukaruka kama wa mtu yeyote. Halafu, badala ya kurudi mara moja, ukabaki pale, ukaanza kurudi kidogo kidogo, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe. Akagonga tena. Ukarudi vilevile. Akanipa nyundo nami nigonge, na nilipougonga unyayo wa mama yangu na kuuona ukichelewa njiani, nywele zilinisimama. Mwili mzima ulikuwa umeshushwa mwendo, mpaka kisigino, kwa kukosa kitu ambacho hata kwenye kijiko cha chai hakionekani. Nilishika mkono wake nikahesabu mapigo dakika nzima. Yalikuwa arobaini na nane.

Damu ilipelekwa maabara mjini na majibu yakarudi baada ya siku nne. Daktari alinionyesha karatasi. Ile tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya kunde, kazi yake mojawapo ni kuiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi, na isipoitikiwa huongeza sauti. Ya mama ilikuwa imeongeza mara nyingi sana. Nilikaa na ile karatasi mapajani. Kwa hiyo miezi yote hiyo punje moja ilikuwa inapiga kelele ndani ya kichwa cha mama ikisema kuna shida, na mimi nimekaa naye meza moja nikimsifu amenona. Sijui kama niliona haya zaidi au nilistaajabu zaidi. Nadhani vyote viwili vilikuja pamoja.

Kaka nilipomwambia mathe ana ugonjwa wa tezi, alinitazama kwa huruma.

"Tezi? Si hiyo ni ya wazee? Mathe ataipata aje na ni mwanamke?"

Alikuwa amesikia redioni juu ya tezi dume, na kwake tezi ilikuwa hiyo moja. Nilimwelezea kwamba mwili una tezi nyingi, za wanaume, za wanawake na za wote, na hii ni ya shingoni. Akajipapasa shingo kwa wasiwasi. Mwishowe akakubali kuahirisha safari, lakini si kuifuta. Akasema dawa ijaribiwe mpaka Agosti shule zikifungwa tena. Ikiwa mathe bado ni vilevile, ataenda. Nikaona ni haki, kwa sababu nilikuwa na hakika na dawa hiyo kuliko nilivyokuwa na hakika na kitu kingine chochote.

Ni kidonge kidogo cheupe. Kilichomo ndani yake kinapimwa kwa kipimo kidogo sana hivi kwamba sehemu kubwa ya ile chembe ni unga wa kukishikilia tu, ili vidole viweze kukiokota. Nilikiweka kiganjani siku ya kwanza nikakitazama. Humu ndimo joto la mama lilimo, nikawaza, na sauti yake, na ukali wake wote. Nikavihesabu vya mwezi mmoja, nikavitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, nikaandika maelezo juu yake kama nilivyowaandikia wagonjwa wengine wote mchana ule, nikampelekea.

Nikawa ninalala kwake mara kwa mara ili nimtunze, na hapo nilikuwa muuguzi kweli. Nilimkataza kuweka miguu karibu na jiko, maana mtu mwenye baridi ya ugonjwa huo anaweza kuungua bila kusikia upesi, nikamwongezea blanketi badala yake. Ngozi niliipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale mazito ya kopo. Nilimpikia maharagwe na mboga nyingi, nikampa maji mara kwa mara kwa ajili ya choo. Kila asubuhi niliyokuwepo nilihesabu mapigo yake, nikamwuliza kama kifua kinamuuma, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole haufai kuharakishwa ghafla. Nilimnyanyua tutembee hadi mtaa wa Makina na kurudi, tukipumzika kwenye vibaraza vya maduka, mama akishikilia mkono wangu na mimi nikiwajibu watu salamu zake.

Wiki sita zikapita. Mapigo yakapanda kidogo, hamsini na kitu, basi. Sweta ilibaki mwilini, uso ulibaki umejaa, na ukimwuliza swali ulikuwa na muda wa kutosha kusahau umeuliza nini. Damu ilipimwa upya na majibu yakawa karibu yaleyale. Daktari akakuna kichwa. Aliniuliza kama mama anameza dawa sawasawa. Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mimi ni muuguzi, ni mama yangu, na bahasha ninaihesabu mwenyewe. Akasema basi huenda tutaongeza dozi, lakini kwanza nimwangalie akimeza. Nilitoka mlangoni nikisonya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimelala kwake, na sikuwa na zamu. Siku nyingine zote nilizolala pale nilikuwa natoka alfajiri kuwahi zamu, nikimpima na kuondoka yeye akiwa bado kitandani. Asubuhi hiyo niliamka kwa harufu ya chai. Mama alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, nzito, ya majani mengi, pamoja na mandazi mawili. Alikula polepole mpaka makombo. Kisha akapangusa vidole, akafungua bahasha, akatoa kidonge, akakimeza kwa ile chai iliyobaki.

Nilimwuliza kwa nini anameza hivyo. Alinitazama kwa muda mrefu, nami kwa bahati nilikuwa na andazi mdomoni, kwa hiyo nikasubiri. Halafu akainua ile bahasha akanigeuzia upande wenye maandishi.

"Si wewe uliandika," akasema.

Mwandiko ulikuwa wangu. Moja kwa siku, baada ya kula.

Ningependa kusema nilichanganyikiwa siku ile niliyoandika, lakini hapana. Mkono ulijiandikia wenyewe. Mtaani kwetu mtu hupewa dawa ya maumivu akaimeza bila kitu tumboni kwa sababu hana kitu cha kutia tumboni, na kesho anarudi amejikunja. Kwa hiyo sisi wauguzi husema "baada ya kula" kwa kila mtu, kwa kila kidonge, kama vile watu wanavyosema amina, mpaka mtaa mzima unaamini kwamba dawa haiingii tumbo tupu. Mimi nilikuwa nimewafokea watu kwa jambo hilo. Na dawa ya tezi ya shingoni ni mojawapo ya zile zinazotaka kinyume. Humezwa kwa maji matupu mtu anapoamka, tumbo likiwa halina kitu, na chai hungoja karibu saa nzima. Maziwa huishika huko tumboni isipite kuingia kwenye damu. Na maziwa aliyokuwa akinywa ni yale niliyomletea mwenyewe.

Nililijua hilo. Lilikuwa kwenye daftari langu la chuo, limepigiwa mstari. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia kwa sauti mbele ya mama, nikimwambia nimemkosea, nimempotezea wiki sita. Mama aliniangalia. Baada ya muda, nilipokuwa nimeshaanza kupenga kamasi, aliweka mkono wake wa baridi juu ya goti langu.

Jumatatu nilimwambia daktari kila kitu. Hakuniringia, ingawa ningemringia mimi kama ingekuwa ni yeye. Akasema dozi ibaki ileile na tuanze upya. Nilitengeneza bahasha mpya nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika karatasi nyingine kwenye kifuniko cha chupa ya chai ili asiifungue bila kusoma. Kumnyima mama chai ya kuamkia haikuwa kazi ndogo. Aliamka, akameza kidonge na kikombe cha maji, akakaa mbele ya ile chupa akiitazama mpaka redio ilipomaliza taarifa ya saa moja.

Kilichofuata nimekiona mara nyingi kwa wagonjwa wengine tangu wakati huo na bado sijakizoea. Wiki ya tatu nilimkuta asubuhi ameivua sweta na kuitundika msumarini. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu nikiitazama kama mtu anayetazama mgeni. Wiki iliyofuata mapigo yalikuwa sitini na nne. Uso ukaanza kushuka, na majirani waliokuwa wakinisifu wakaanza kunong'ona. Waliniuliza kama mathe anakula kweli siku hizi, maana anakonda, nikawajibu kwa furaha kwamba ndiyo, anakonda sana. Siku moja mteja alimwuliza kitu na mama akamjibu papo hapo. Hakuna mtu mwingine aliyegundua. Mimi ilinibidi niingie ndani nijifute macho.

Sauti ndiyo iliyochelewa zaidi, kisha nayo ikarudi, nyembamba kwanza, halafu kamili. Nilikuwa nikimsikiliza akiimba huku anapanga nyanya, nikafikiria chembe ile isiyoonekana ikizunguka ndani ya damu, ikipita kwenye koo, ngozi, utumbo, moyo, na kila kiungo kikiitika kwa zamu yake kama watu wanaoitwa majina. Sikuwa nimemponya mimi. Nilikuwa karibu nimzuie asipone. Lilikuwa jambo kubwa kuliko mimi, na nilishukuru kuruhusiwa kukaa pale nikilitazama.

Agosti kaka yangu alifika na watoto wake na mizigo ya safari. Alisimama mbele ya kibanda akamwuliza kama yuko tayari. Mama alikuwa anahudumia watu watatu. Alimwambia apeleke watoto wake wakasalimie nyanya zao huko ushago, amwachie yeye wateja wake, na kwa kuwa amesimama tu pale kama mlingoti, ashike hilo gunia la kabeji aliingize kivulini. Kaka alilibeba gunia. Alipoliweka chini nilimwona anacheka na machozi yanamtoka.

Mwezi wa Septemba nywele zake zilikuwa zimeota za kutosha kusukwa. Jumapili moja baada ya kanisa alikaa kwenye kigoda mbele yangu, mgongo kwangu, nikamtenganisha nywele kwa kitana nikimwambia zilivyokuwa laini. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa alipoanza kuzungumza.

"Ile siku mlikaa hapa na brother yako mkinipangia safari," akasema, "niliskia yote."

Vidole vyangu vilisimama. Nikamwambia nilidhani alikuwa amechoka, hakuwa akisikiliza.

"Niliskia yote. Na nilikuwa na jibu. Nilikuwa nataka kusema hapana, siendi. Lakini hiyo hapana ilikuwa mbali. Ni kama iko Makina na mimi niko huku kitandani, naifuata pole pole. Nikifika, mshaenda kwa maneno ingine. Halafu ukaniangalia. Nikajua wewe umeona. Wewe ni daktari. Nikasema sasa huyu atangoja. Hukungoja."

Nilikuwa nimeshika msuko mmoja mkononi na sikujua niuache au niumalize. Nilimwona tena vile alivyoinua macho, midomo imefunguka kidogo. Alikuwa yuko njiani anakuja, mzima, na mimi nikageuka. Nilimwambia mama anisamehe.

Hakujibu. Siku hizo alikuwa anajibu watu kabla hawajamaliza, lakini hakujibu. Nikamwuliza kama amesikia.

"Nimeskia," akasema. "Iko njiani inakuja. Wewe suka tu."

Nikaendelea kusuka, polepole, nikingoja.